Pumzi Isiyomezwa

Inspekta aliingia karakana ya Mzee Waya akiwa na vitu viwili mfukoni: kinasa sauti, na kimguu cha mbao cha mviringo alichokiokota asubuhi chini ya machela ya gari la pili la wagonjwa. Kimguu kilikuwa na parafujo juu na rangi ya kung'aa iliyokwaruzwa, na hakuna kifaa cha hospitali kinachosimama juu ya kitu kama hicho. Hakujua bado ni cha nini. Kituoni kwao walimbandika jina la Sindano, kwa sababu akishaanza kuuliza hatoki mpaka atoboe, lakini kwa kimguu kile alikuwa hajapata pa kudunga.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chini ya mnara wa tangi la maji. Ukutani zilining'inia koili za waya zilizopangwa kwa unene, na mezani kulikuwa na chuma cha kulehemu kilichokuwa bado kinatoa moshi. Mzee Waya, fundi simu mstaafu, alikuwa amekaa kwenye kiti kilichong'olewa ndani ya basi. Hakuinuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kuushusha mtambo, ngazi ile pale. Mimi hata nati sikushikii."

"Nimekuja kuuliza."

"Basi uliza ukiwa umekaa. Kuuliza kunachosha."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Siku mbili nyuma, mama mmoja wa bondeni, nyuma ya machimbo ya mchanga, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Huko bondeni simu hazishiki. Mwenye duka wa huko, ambaye ni mmoja wa wapenda redio wa Mzee Waya, aliita kwa redio yake ya mkononi; mtambo wa juu ya mnara ukaidaka sauti na kuirusha mjini; Mzee akaisikia na kupiga simu kituo cha magari ya wagonjwa. Mpaka hapo kila mtu alifanya lililompasa. Kisha, kwa maelezo ya kituo, gari la pili likiwa njiani, maana la kwanza lilikuwa na mgonjwa mwingine, sauti isiyojulikana ilitokea kwenye masafa yao na kuliamuru lirudi. Mama akajifungulia juu ya lori la mchanga. Yeye na mtoto walikuwa hai, lakini mama alipoteza damu nyingi na mpaka sasa alikuwa amelazwa.

Kituo kilimnyooshea kidole Mzee Waya siku hiyo hiyo. Mtambo wake, walisema, umeundwa kwa redio kuukuu za magari yao wenyewe, na kwa hiyo ndio ulioingilia. Amri ya kuushusha ilikuwa imeshapigwa mhuri. Mafundi wangefika jioni kuutia kwenye gari, na Mzee angefuatana nao kwenda mahabusu, isipokuwa Inspekta apeleke neno la kuwazuia.

"Inuka nikuoneshe," Mzee alisema. "Usije ukanifunga kwa kitu usichokijua."

Walipanda ngazi mpaka kwenye kijibanda cha mabati chini ya tangi. Mzee alifungua mlango wa kabati la chuma lililowahi kuwekewa mafaili, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka.

"Hii ya juu inasikia. Hii ya chini inasema. Zote zilikuwa kwenye ambulensi, zikaondolewa kazini, zikaja mnadani kama vyuma chakavu. Sauti dhaifu ikiingia huku, inatoka kule ina nguvu, papo kwa papo. Mtu wa bondeni anaongea na mtu wa mjini kama wamekaa meza moja."

"Na haya mabomba?"

"Mabomba ya shaba, ya boila la maji moto la hoteli iliyobomolewa. Ni vichujio. Bila hivi, redio inayosema inaiziba masikio inayosikia. Ni kama mke na mume kitanda kimoja, mmoja anakoroma. Nimeyapima, nikayakata, nikayalehemu mwenyewe. Feni ni ya kompyuta mbovu. Betri ni ya lori. Antena, hilo bomba, lilikuwa la kuning'inizia mapazia." Alijipigapiga kifua taratibu. "Humu ndani, Inspekta, hakuna kitu kipya hata kimoja. Kila kitu hapa kilitupwa na mtu aliyesema hakifai."

Ungemwona alivyosimama, ungedhani anamtambulisha mtoto wake wa kwanza aliyemaliza chuo.

"Redio hizi zilikuja na masafa ya ambulensi," Inspekta alisema.

"Zilikuja nayo. Nikayang'oa."

"Aliyeng'oa anaweza kurudisha."

"Anaweza. Hata mimi naweza kukimbia uchi sokoni. Lakini umeniona nikikimbia?"

"Saa ile ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Peke yangu. Nikingoja kusikia kwamba yule mama amefika hospitali." Alifunga kabati. "Andika hivyo hivyo. Sina shahidi."

Waliporudi chini, Inspekta aliweka kinasa sauti mezani na kukibonyeza. Ilikuwa nakala ya rekodi ya kituo cha ambulensi, ambako kila kinachosikika kwenye masafa yao hunaswa. Ulisikika mlio mdogo wa redio kufunguka. Kikafuata kimya kifupi. Kisha sauti ya mtu aliyefunika mdomo kwa kitambaa: "Gari la pili, rudi kituoni. Mgonjwa wa bondeni ameshafikishwa hospitali. Rudi kituoni." Ikakatika.

"Si mtambo wangu," Mzee alisema.

"Umejuaje?"

"Kwa sababu nimesema."

"Hilo hakimu hatalinunua, Mzee."

"Basi asinunue."

Inspekta alianza kuona mahabusu ikimkodolea macho mzee huyu mwenye shingo ngumu. Hapo mlango ukafunguliwa na mpwa wa Mzee akaingia, fundi cherehani wa chumba cha pili, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Alimsalimia mgeni kwa adabu na kumtazama mjomba wake kwa mashaka.

"Mjomba, umemkaribisha hata maji?"

"Amekuja kunifunga, si kunywa maji."

"Anayefunga pia anasikia kiu," mpwa alisema, akamiminia Inspekta kikombe.

Inspekta aliomba kuujaribu mtambo. Mpwa alichukua redio moja ya mkononi na kinasa sauti, akaenda mpaka mwisho wa mtaa, penye duka la vioo, huku Inspekta akibaki na redio nyingine mlangoni. Alibonyeza akasema, "Jaribio hili unalisikia?"

Sauti ya mpwa ikarudi, ina kicheko ndani yake. "Nimesikia 'hili unalisikia'. La mbele limekwenda na maji."

"Hujabonyeza sawasawa," Mzee alidakia.

Inspekta alibonyeza tena, kwa nguvu. "Namba yako ya duka ni ipi?"

"Nimepata 'yako ya duka'. Nina duka lakini sina namba."

Mpwa aliporudi alikuwa bado anacheka. "Hajakwambia? Mtambo unameza neno la kwanza. Unabonyeza, unavuta pumzi, ndipo unasema. Unaupa pumzi uile, usije ukala neno. Sote tumezoea. Mimi siku hizi hata kwenye simu ya kawaida naanza na kimya, wateja wanadhani nimewakatia."

"Haumezi," Mzee alisema.

"Mjomba."

"Haumezi. Unakohoa kwanza, kama mtu yeyote mwenye heshima zake kabla ya kuhutubia."

"Ni ile swichi," mpwa alimgeukia Inspekta. "Inayoiamsha redio inayosema. Ni swichi ya honi ya lori, nzito, inachelewa kufunga. Nimemsihi anunue mpya, ni kitu kidogo tu. Hataki. Eti humo ndani kisiingie kitu cha dukani."

Mzee aligeukia koili zake na kuanza kuzipanga upya, ingawa zilikuwa zimeshapangwa.

Inspekta alibonyeza kinasa sauti akairudia rekodi ya kituo. Mlio. Kimya. Sauti. Akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Kisha akamwomba mpwa aende tena mwisho wa mtaa na anase kila atakachosikia. Safari hii Inspekta alibonyeza, akavuta pumzi kama alivyofundishwa, ndipo akasema maneno yale yale ya rekodi.

Mpwa aliporudi, walizisikiliza mbili hizo pamoja. Katika ile ya mpwa, mlio ulifuatwa na neno moja kwa moja. Kimya hakikuwepo. Mtambo ulikuwa umekila.

"Watu wako huwa wanasubiri zaidi ya hivyo?" Inspekta aliuliza.

"Wakizidisha nawakaripia," Mzee alijibu bila kugeuka. "Wanamaliza betri."

"Sikiliza sasa, Mzee. Sauti iliyopita kwenye mtambo wako ina moja kati ya mawili. Ama imeliwa neno, ama imeliwa pumzi. Hii ya kituo neno la kwanza lipo zima, na pumzi nayo ipo nzima. Hakuna kilichomezwa. Haikupita kwako."

Mpwa alikaa juu ya boksi la vipuri, mkono mdomoni.

"Nilikwambia," Mzee alisema.

"Uliniambia kwa sababu umesema. Mimi nataka kwa sababu ya swichi. Nahitaji maelezo yako, kwa mkono wako, kwamba mtambo unameza mwanzo wa kila ujumbe na sababu yake ni nini. Nikiwa nayo, mafundi wa jioni nawazuia."

Mzee aligeuka polepole. "Niandike mimi kwamba mtambo wangu una kasoro?"

"Ndiyo."

"Yakasomwe mbele ya watu? Na wale waliouza vyuma vyao wakidhani havifai, wakae pale wakisikia Waya mwenyewe anakiri kwamba kweli havifai?"

"Mjomba, utafungwa," mpwa alisema.

"Waliofungwa wako wengi. Waliojenga kitu hiki ni mmoja."

Jeuri ya namna hiyo huwezi kuivunja kwa rungu, na Sindano hakujaribu. Alichukua kikombe, akanywa maji yaliyobaki, akakiweka chini.

"Mzee, mtambo usio na kasoro ungekutia ndani. Sauti ingepita safi, na mimi nisingekuwa na la kusema. Huu wako unakutoa. Lakini tuache habari zako. Yule mama bado amelazwa. Simu ya kumwitia gari uliipiga wewe, kwa kazi ya mikono yako. Aliyelizuia gari yuko nje anatembea, na kama ni mtu wa ambulensi, basi kesho ataitikia simu nyingine."

Mzee Waya alitazama sakafu. Mkono wake ulitafuta kiti cha basi mpaka ukakipata, akakaa.

"Andika," alisema. "Nitatia sahihi. Mtambo unameza neno la kwanza. Unameza kwa sababu swichi yake ni ya honi ya lori. Nilijua tangu siku ya kwanza. Na andika kwamba mengine yote yanafanya kazi."

"Nimeandika."

"Mabomba pia umeyaandika?"

"Mabomba pia."

Alitia sahihi kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Kalamu ikiwa bado mkononi, akainua kichwa. Fundi ni fundi. Hesabu ilikuwa imeendelea kichwani mwake hata wakati kiburi kinapigana.

"Inspekta. Redio zao mpya hazimezi kitu."

"Hazimezi."

"Sasa yule aliyesema alivuta pumzi ya nini?"

"Hilo ndilo nililokuwa nangoja uulize."

"Ni mtu aliyezoea mtambo wangu." Alitazamana na mpwa wake. "Waliouzoea ni sisi wawili. Mwenye duka wa bondeni, na yeye ndiye aliyeita. Na Sauti."

"Sauti ni nani?"

"Mwongozaji wa magari pale kituo cha ambulensi," mpwa alijibu kwa niaba yake. "Kila jioni yuko hewani na Mjomba. Ndiye aliyetuambia redio zinakwenda mnadani."

Mzee alisema kwa sauti ndogo, "Alinishikia ngazi siku ninapandisha antena."

Chumba cha waongozaji pale kituo cha ambulensi kilikuwa na meza mbili, redio mpya inayong'aa, na ramani ya mji iliyojaa pini. Sauti alikuwa mtu mnene mwenye koo la kuhubiria, na ndiye aliyekuwa ameandika malalamiko dhidi ya mtambo. Alimpokea Inspekta kwa bashasha.

"Mmeshaushusha? Nasikitika, yule mzee ni rafiki yangu. Lakini maisha ya watu si mchezo."

"Si mchezo," Inspekta alikubali. "Naomba nisikie redio zenu zinavyofanya kazi. Aanze mwenzako."

Mwongozaji wa meza ya pili, mwanamke mwenye miwani, alibonyeza na kusema papo hapo, "Gari la kwanza, uko wapi?" Akajibiwa. Inspekta alimshukuru na kumwonesha Sauti kipaza sauti.

"Niseme nini?"

"Chochote. Mwite dereva wa gari la pili aje hapa."

Sauti alibonyeza. Kifua chake kipana kilipanda, kikatulia. Ndipo akasema, "Gari la pili, dereva afike ofisini." Akaweka kipaza sauti chini, ametosheka na nafsi yake.

Inspekta alimwomba yule mwanamke arudishe rekodi ya chumba. Mlio. Kimya. Sauti. Kisha akaweka kinasa sauti chake mezani, akachezesha ile ya siku mbili nyuma. Mlio. Kimya. Sauti iliyofunikwa kitambaa. Vile vimya viwili vililingana kama soksi za jozi moja. Mwanamke mwenye miwani alivua miwani yake.

"Redio hizi ni mpya," Inspekta alisema. "Hazimezi kitu. Hiyo pumzi ulikuwa unamlisha nani?"

"Ni mazoea tu."

"Mazoea ya wapi?"

Mlango ukafunguliwa, dereva wa gari la pili akaingia, kofia mkononi. Inspekta alitoa kile kimguu cha mbao mfukoni akakisimamisha juu ya meza, katikati yao.

Dereva alikiona kabla hajasalimia. Mabega yakamshuka. "Nilimwambia lile kochi halikukazwa vizuri," alisema.

Kilichobaki kilitoka chenyewe, kama uzi ukishapata ncha. Shemeji yake Sauti alikuwa anahamia nyumba mpya, na gari la pili lilikuwa limebeba makochi yake tangu mchana. Halikugeuza njiani kwenda bondeni. Halikuelekea bondeni kabisa. Simu ya Mzee Waya ilipoingia na watu wa bondeni walipoanza kuulizia, Sauti alichukua redio ya akiba stoo, akaenda nyuma ya jengo, akafunika mdomo kwa leso na kuliamuru lirudi gari ambalo halikuwa limekwenda popote, makusudi rekodi isikie.

"Nilipolitoa gari, hakukuwa na mgonjwa anayelingoja," Sauti alisema. "Nilidhani ni uchungu wa kwanza kwanza, ingechukua muda. Na Waya ni mzee, wangeushusha mtambo, wangemwonya, basi. Ni vyuma tu vile."

"Ulimkuta na kitu kimoja anachojivunia duniani," Inspekta alisema, "ukachagua hicho." Akamwambia asimame.

Kabla jua halijashuka, Inspekta alirudi karakana. Mafundi wa amri walikuwa wameshaambiwa wageuze gari. Alimkuta Mzee Waya chini ya ngazi, bisibisi mkononi na swichi mpya kabisa ndani ya karatasi yake ya dukani. Mpwa alisimama pembeni, hajui acheke au alie.

"Amenituma mwenyewe nikainunue," alisema.

"Kasoro imeshaandikwa," Mzee alisema kwa unyonge ambao haukumfaa hata kidogo. "Iondoke."

"Usiiguse," Inspekta alisema. "Mpaka kesi iishe, hakuna kufungua hata parafujo moja. Mahakama itapanda ngazi hii kuja kusikia inavyomeza. Huo mtambo ni shahidi, Mzee. Na ndio shahidi wangu mkubwa."

Mzee Waya aliitazama bisibisi, akaitazama ngazi. Mgongo ukamnyooka kidogo kidogo. "Waje na viatu vya kupandia," alisema. "Na wasiguse mabomba yangu."

Redio ya mezani ikafunguka. Ilikuwa sauti ya mwenye duka wa bondeni, safi, neno la kwanza likiwa zima. "Mzee Waya, nasikika? Mama wa mtoto amekaa kitandani leo. Anakula mwenyewe. Daktari anasema kesho kutwa watarudi nyumbani, yeye na mtoto. Wamenituma nikuambie wewe kwanza."

Mpwa alifunika uso kwa futi yake ya kupimia. Mzee alifika mezani kwa hatua mbili, akashika kipaza sauti, akabonyeza na kusema papo hapo, bila kungoja kitu. Alisema maneno mengi. Alipoachia, bondeni wakajibu.

"Mzee, mwanzo haukufika. Neno la kwanza hatukulipata."

Mzee Waya alimtazama Inspekta, akamtazama mpwa wake. Akabonyeza tena. Safari hii alivuta pumzi ndefu, akaupa mtambo wake uile ushibe.

"Limemezwa," alisema, mbele yao na mbele ya kila aliyekuwa hewani jioni ile. "Mtambo wangu unameza neno la kwanza. Nilisema ahsante. Narudia."